Fuvu Halitaji Kabila

Maji ya kaskazini mwa Singida hayafiki baharini. Yanayokusanyika katika mbuga ya Wembere huingia Ziwa Kitangiri, hutoka kwa mto Sibiti, hupita chini ya daraja linalounganisha Mkalama na Meatu, na mwisho wake ni Ziwa Eyasi, ambako jua huyakausha na kuacha chumvi. Mjini Singida nako, maziwa ya Singidani na Kindai yanapokea maji bila kuyatoa. Wajerumani walipoitawala nchi hii waliliandika eneo lote kuwa ni nchi isiyo na mkondo wa kutoka. Mwaka 1914 Otto Reche, wa jumba la makumbusho la Hamburg, akachapisha kitabu kizima juu ya wakazi wake, akitegemea vitu vilivyokusanywa na msafara wa mwanajiografia Erich Obst.

Kilichowavuta kinaeleweka. Wanyaturu, Wanyiramba na Wanyisanzu wanasema lugha za Kibantu. Wabarbaig ni Waniloti. Upande wa Mbulu wako Wairaqw, wenye lugha ya Kikushi. Kisha kuna Wahadzabe wa Munguli na kandokando ya Eyasi, na Wasandawe upande wa Chemba, ambao lugha zao zina sauti za kidoko na hazifanani na yoyote kati ya hizo. Ni nadra kuona lugha za asili zilizo mbali hivyo zikiishi mwendo wa siku chache tu kwa miguu.

Kwa wasomi wengi wa Ulaya wa wakati huo hesabu ilikuwa nyepesi: lugha moja, kabila moja, damu moja, na kwa hiyo fuvu la namna moja. Reche mwenyewe alikuja kuwa profesa wa elimu ya mbari huko Leipzig, na baadaye mwanachama wa chama cha Wanazi. Hata hivyo swali la msingi halikuwa la kipuuzi. Je, watu wa kale wa sehemu moja walitofautiana kwa mafuvu na watu wa sehemu nyingine? Ndiyo, walitofautiana. Kosa lilikuwa kudhani kwamba tofauti hizo zina mipaka kama ya wilaya, na kwamba fuvu likiokotwa porini linaweza kutaja kabila la mwenyewe.

Kipimo kilichotawala enzi hizo kilibuniwa na Msweden Anders Retzius katika miaka ya 1840. Mpimaji alichukua bikari yenye miguu iliyopinda, akaweka ncha moja katikati ya nyusi na nyingine kisogoni, akapata urefu. Kisha akaitanua kutoka ubavu mmoja wa kichwa hadi wa pili, juu ya masikio, akapata upana. Upana ukigawanywa kwa urefu na kuzidishwa kwa 100, inabaki namba moja. Fuvu lenye urefu wa milimita 184 na upana wa milimita 136 linapata karibu 74. Chini ya 75 kichwa kiliitwa kirefu, kuanzia 80 kikaitwa kifupi, na vilivyobaki vikawekwa katikati. Paji la uso, mashavu, taya, pua na matundu ya macho, vyote vikafichwa nyuma ya tarakimu mbili.

Tanzania ina mfano wake maarufu wa jinsi tarakimu hizo zilivyotumika. Mkwawa wa Wahehe alijiua mwaka 1898 ili asikamatwe na Wajerumani, na kichwa chake kikakatwa na kuchukuliwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo, lakini miaka zaidi ya thelathini ikapita. Mwaka 1953 Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda mwenyewe Bremen, kwenye jumba la makumbusho lililokuwa na mafuvu yapatayo 2,000, na kati ya hayo 84 yalitoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Wajerumani. Alipata vipi moja kati ya 84? Alitenga yale ambayo vipimo vyake vilikaribiana na vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai, na kati ya hayo akachagua lenye tundu la risasi. Mwaka 1954 likarudishwa Uhehe, na hadi leo liko Kalenga.

Wapo wanahistoria wanaotilia shaka uchaguzi ule, na shaka hiyo ina msingi. Vichwa vyenye kipimo kama cha ukoo wa Mkwawa vilikuwa vingi mno Afrika Mashariki yote, kwa Wahehe na kwa wasio Wahehe. Bikari iliweza kuondoa mezani mafuvu ambayo hayakufaa kabisa. Haikuwa na uwezo wa kuthibitisha lililobaki. Kama si tundu la risasi, Twining angekwama mbele ya rafu. Hilo halipunguzi heshima ambayo Wahehe wamelipa fuvu la Kalenga, kwa maana heshima hiyo haikutolewa na bikari.

Bremen lilikuwa ghala moja tu. Berlin ilikuwa na kubwa zaidi, lililojazwa na madaktari wa jeshi, maofisa na wasafiri waliofuata nyayo za vita vya kutiisha watu. Taasisi ya Urithi wa Utamaduni wa Prussia ilipochunguza mafuvu ya Afrika Mashariki iliyoyarithi, ilihesabu 904 kutoka Rwanda ya leo, 202 kutoka Tanzania na 22 kutoka Kenya. Singida nayo ilipitiwa na vita hivyo. Masimulizi ya Wanyaturu yanamkumbuka Liti, mwanamke aliyewapinga Wajerumani kwa msaada wa nyuki, na uwanja wa mpira wa mjini Singida, uliojulikana zamani kwa jina la Namfua, leo unaitwa kwa jina lake.

Ukitafuta nchi ambako swali la tofauti za mafuvu kwa sehemu limechimbwa kwa kina, utafika Japani. Huko mafuvu ya watu wa kale wa Jomon, waliowinda, kuvua na kuokota kwa maelfu ya miaka, yana uso mfupi na mpana, na mfupa wa katikati ya nyusi umejitokeza. Walipoingia wakulima wa mpunga kutoka bara, katika zama zinazoitwa Yayoi, zikaonekana nyuso ndefu na bapa. Makaburi ya Doigahama, mkoani Yamaguchi, yalitoa mifupa mingi ya watu wa namna hiyo kuanzia miaka ya 1950. Mwaka 1991 Kazuro Hanihara alieleza kwamba Wajapani wa leo ni mchanganyiko wa makundi hayo mawili, na kwamba Waainu wa kaskazini na watu wa visiwa vya Ryukyu kusini wamehifadhi zaidi asili ya Jomon. Tofauti inapanda na kushuka taratibu, kisiwa hadi kisiwa, kufuata umbali kutoka mahali wageni walipoingilia.

Afrika Mashariki na Japani zimewahi kupimwa na mtu mmoja kwa vifaa vilevile. Mmarekani William Howells, aliyetoa kazi yake kubwa mwaka 1973, alizunguka makumbusho ya dunia akichukua vipimo kadhaa vya kila fuvu badala ya viwili. Katika orodha yake wamo Wajapani wa kaskazini, Wajapani wa kusini na Waainu, na wamo pia Wataita wa Kenya, ambao mafuvu yao yamehifadhiwa Cambridge. Wataita walikuwa na desturi ya kufukua vichwa vya wazee baada ya muda na kuvipanga katika mapango ya ukoo, mahali pa kutambikia. Vichwa vya wazee wa Taita vikawa sehemu ya kigezo ambacho hadi leo fuvu lisilojulikana, popote duniani, hulinganishwa nacho. Wenyewe hawakuulizwa.

Vipimo vya aina hiyo vilipojaa vya kutosha, vilileta habari ambayo Reche asingeipenda. Mwaka 2007 Andrea Manica na wenzake walichapisha matokeo ya mafuvu 4,666 ya wanaume kutoka jamii 105 za dunia. Kadiri jamii inavyokaa mbali na Afrika, ndivyo watu wake wanavyozidi kufanana mafuvu wao kwa wao, kwa sababu kila kundi lililohama lilichukua sehemu ndogo tu ya tofauti zilizokuwako nyumbani. Kwa hiyo Afrika ndiko watu wa jamii moja wanakotofautiana zaidi. Aliyekuja nchi ya Wanyaturu na bikari kutafuta sura moja ya kabila alikuwa amechagua bara lisilofaa kabisa kwa kazi hiyo.

Kuhusu watu wa kale sana, ukingo wa Eyasi una ushahidi wake. Mwaka 1935 Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen, daktari na msafiri aliyekuwa pia Mnazi, alipata mabaki ya fuvu katika mchanga wa ufuko wa kaskazini-mashariki wa ziwa. Mtu huyo huyo alikusanya hadithi nyingi za Wahadzabe na Wanyisanzu, na kuandika juu ya michoro ya mapangoni. Fuvu lenyewe halikuwa fuvu bali vipande, zaidi ya 200, vingine vidogo kama ukucha. Hans Weinert aliviunganisha, akaona mfupa mnene na nyusi zilizotuna, akamtangaza kuwa kiumbe mpya kabisa na kumpa jina la kisayansi lililotokana na Njarasa, jina ambalo Wajerumani walilitumia kwa ziwa hilo.

Kiumbe huyo mpya hakudumu. Vipande vingine vilipatikana baadaye, na mwaka 2008 Manuel Domínguez-Rodrigo, Audax Mabulla na wenzao walieleza mfupa mwingine wa paji la uso kutoka Eyasi, wakikadiria tabaka hizo kuwa na umri wa miaka takriban 88,000 hadi 132,000. Leo watu wa Eyasi wanahesabiwa kuwa binadamu wa kale walio karibu na ukoo wetu. Mtu anayeona picha ya fuvu lililounganishwa akumbuke kwamba kati ya kipande na kipande kuna plasta, na plasta hufuata imani ya anayeipaka. Uso wa mtu wa Eyasi ulitegemea sana mikono ya Weinert.

Watanzania nao walikuwa wameshika kazi hiyo mapema. Mwaka 1973 Amini Mturi, aliyekuwa kiongozi wa Idara ya Mambo ya Kale, alifukua fuvu la kale zaidi kando ya Ziwa Ndutu. Mwaka 1976 likapatikana jingine Ngaloba, eneo la Laetoli, lililopewa namba 18. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1980 na Michael Day, Mary Leakey na Cassian Magori. Fuvu la Ngaloba linastahili kutazamwa kwa makini. Ukilishika kwa mbele unaona paji lililolala nyuma na mifupa minene, mambo ya kale. Ukiligeuza, kisogo kimeviringa kama cha mtu unayekutana naye sokoni leo. Kichwa kimoja, enzi mbili. Na meno yaliyopatikana katika pango la Mumba, karibu na Eyasi, kwenye tabaka la zaidi ya miaka 100,000, yalielezwa na Günter Bräuer na Michael Mehlman mwaka 1988 kuwa yanalingana kwa ukubwa na ya watu wa sasa.

Ndutu, Laetoli, Eyasi na Mumba zimo katika eneo dogo, na mabaki yake hayakupangika kwenye ngazi moja ya kupanda kutoka sura ya kale hadi mpya. Makundi mbalimbali yaliishi, yakaachana, yakakutana tena.

Kwa watu wa karibu zaidi na sisi, ugomvi mkubwa ulizuka Kenya. Louis Leakey, katika kitabu chake cha mwaka 1935 kuhusu mbari za zama za mawe za Kenya, aliyatazama mafuvu marefu yenye pua nyembamba ya Bonde la Ufa, kama ya Elmenteita na Nakuru, akayahusisha na watu wasio Waafrika weusi. Wazo hilo liliingia vizuri katika hadithi ya kikoloni kwamba kila kilicho bora Afrika kililetwa na wageni wa kaskazini. Miaka 40 baadaye, 1975, Philip Rightmire alirudia mafuvu hayo kwa hesabu zinazotumia vipimo vingi kwa pamoja, na hakuona sababu ya kuyatenga na watu wa Afrika. Urefu wa uso na wembamba wa pua ni mambo ya kawaida kwa Waafrika Mashariki wengi.

Vinasaba vimelifanya jambo hilo kuwa tamu na gumu zaidi. Mtoto wa kike aliyezikwa Luxmanda, mkoani Manyara, miaka 3,100 hivi iliyopita, alionekana mwaka 2017 kuwa na asili inayohusiana na wakulima wa kale wa Mashariki ya Kati kwa kiasi cha asilimia 38. Utafiti wa mwaka 2019 uliohusu watu 41 wa kale wa Kenya na Tanzania ulionyesha wafugaji wakiingia kwa awamu, kila mara wakizaana na wenyeji. Asili ya kaskazini ilikuwamo kweli. Ilikuwa ndani ya watu walewale wenye asili ya hapa, imechanganyika nao tangu vizazi vingi, wala hapakuwa na mbari ya watawala iliyokaa pembeni na mafuvu yake.

Mwaka 2022 ikaja habari inayoihusu Singida kwa karibu. Watafiti, akiwamo Mary Prendergast, walisoma vinasaba vya watu sita wa kale, wakiwamo wa Mlambalasi, Iringa, wa miaka kama 18,000 iliyopita, na wa Kisese, Kondoa, jirani kabisa na Singida. Wote walibeba mchanganyiko wa asili tatu za kale: ya mashariki, ya kusini na ya misitu ya kati. Maana yake, zamani sana watu walisafiri na kuoana kwa umbali mkubwa. Halafu, kufikia miaka 20,000 hivi iliyopita, walikuwa wanaoana karibu na nyumbani, na kila sehemu ikaanza kuwa na watu wake. Hapo ndipo tofauti za kimkoa zilipokomaa, muda mrefu kabla ya kuwako Mnyaturu au Mgogo.

Kuna tofauti nyingine za kimkoa ambazo fuvu huzishika bila utata wowote. Zimo mdomoni.

Nenda shule yoyote ya vijijini Singida, mwambie mtoto acheke. Huenda ukaona mistari ya kahawia ikipita mlalo kwenye meno ya mbele, au weupe wa chokaa wenye vishimo. Hayo si uchafu na mswaki hauyatoi. Ni floraidi. Maji yasiyo na mkondo wa kutoka hukusanya madini, na visima vingi vya mikoa ya kati na kaskazini vina floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisipitwe. Madini hayo huharibu tabaka gumu la nje la jino wakati tu jino linajengwa ndani ya taya, yaani katika miaka ya utotoni. Mtu mzima aliyehamia Singida akiwa na miaka 30 hapati alama hiyo hata akinywa maji ya kisima maisha yake yote, na mzaliwa aliyehamia Tanga hawezi kuiacha nyuma.

Kwa mchimbaji wa mambo ya kale hiyo ni alama ya thamani. Inamwambia mahali mtu alipokulia, iwe alikuwa Mnyiramba, Mbarbaig au mgeni aliyezaliwa njiani. Hali kadhalika mapengo. Wagogo na Wamaasai walikuwa wakimng'oa mtu meno mawili ya mbele ya taya la chini. Baada ya miaka shimo la jino huziba kwa mfupa laini, kwa hiyo mtafiti hulitofautisha kwa urahisi na jino lililoanguka kaburini. Watu wa Jomon nao waling'oa meno ya mbele kwa desturi, na hakuna anayedai kwa sababu hiyo kwamba Wagogo walitoka Japani. Kisha kuna kazi ya chakula: walaji wa nyama na mizizi migumu hujenga taya pana, na walaji wa uji na ugali wa uwele uliosagwa kwa jiwe huishia na meno yaliyolika kwa changarawe na kutobolewa na wanga.

Singida yenyewe haijatoa mafuvu mengi ya kale. Fidelis Masao alichimba miamba yenye michoro katika eneo hili, ikiwamo Kwa Mwango na Kirumi Isumbirira huko Isanzu, na kuchapisha matokeo mwaka 1979. Sifa ya kazi ile imebaki kwenye zana za mawe na michoro. Udongo unaotokana na miamba ya matale huwa na tindikali, nayo hula mfupa, tofauti na majivu ya volkano na chokaa za Laetoli. Kwa sababu hiyo kila mfupa unaojitokeza kwenye kisima au shimo la mchanga una uzito mkubwa, na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inamtaka anayeuona atoe taarifa. Lililo muhimu kuliko yote ni kuuacha pale pale. Mfupa uliotolewa kwenye tabaka lake umepoteza umri.

Kuhusu mafuvu 202 yaliyoko Berlin, mwezi Septemba 2023 ilitangazwa kwamba vinasaba vimeunganisha baadhi yake na familia zilizo hai Kilimanjaro, mojawapo likiwa la mshauri wa Mangi Meli, mtawala wa huko. Njia hiyo inahitaji jina au familia ya kuanzia, na mafuvu mengi hayana hata kimoja. Yana kibandiko cha kituo cha jeshi au hakuna kitu. Hapo jino linaweza kusaidia tena. Miamba ya matale ya Singida ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, wakati mawe ya volkano ya Ngorongoro ni machanga, na uwiano wa isotopu za strontiamu katika miamba ya sehemu hizo mbili si mmoja. Uwiano huo hupita kwenye maji na mazao hadi kwenye jino la mtoto, ukakaa humo. Kinachotakiwa ni mtu wa kuzunguka Mkalama, Iramba, Ikungi na Manyoni akikusanya maji, udongo na majani, ili siku familia na wazee watakaporidhia jino likatwe, pawe na ramani ya kulilinganisha nayo.